Mguu kifundo kwa mtoto mchanga: plasta za Ponseti, mazoezi ya Kifaransa au upasuaji?

Mtoto anapozaliwa na mguu kifundo, wayo umegeukia ndani na kisigino kimevutwa juu, ushauri huanza kumiminika kabla mama hajatoka wodini. Huyu atasema ukandwe kila siku, utanyooka. Yule atasema hilo ni la kisu tu. Mwingine atasema wahini plasta. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mzazi aliye katikati ya sauti hizo na anatakiwa kuamua. Njia zilizopo si nyingi, tofauti zake zinaeleweka, na uamuzi mzuri wa wiki za mwanzo humwepusha mtoto na miaka mingi ya maumivu.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa. Kwa watoto walio wengi, chaguo la kwanza ni plasta za njia ya Ponseti, yaani zinazounyoosha wayo hatua kwa hatua kwa namna iliyobuniwa na daktari wa jina hilo. Lakini wazazi wengi huipima njia hii kwa wiki za plasta, ambazo ndizo sehemu fupi, wakasahau miaka ya viatu maalumu vyenye upau inayofuata. Huko ndiko mguu unakothibiti au kurudi ulikotoka. Na si kila anayefunga plasta anafuata njia ya Ponseti. Ipo plasta inayonyoosha, na ipo inayokula miezi ya mtoto bila faida.

Je, kweli ni mguu kifundo?

Kuna hali tatu zinazofanana kwa macho, na tiba zake hazilingani.

Ya kwanza ni mguu uliopinda kwa mkao tu, kwa sababu mtoto alibanwa tumboni. Huu ukiushika kwa vidole viwili unafuata mkono wako: unageuka nje, unapanda hadi kukaribia muundi, na kisigino kinakaa mahali pake. Hauhitaji plasta. Mazoezi mepesi na muda vinatosha. Ya pili ni ile ambayo nusu ya mbele ya wayo imeelekea ndani lakini kisigino kiko sawa na kifundo kinakunja vizuri. Wengi wa hawa hunyooka wenyewe, na wachache ambao wayo wao ni mgumu hufungwa plasta chache.

Ya tatu ndiyo yenyewe. Wayo umekaza, hauvutiki hadi mahali pake. Kuna mkunjo mzito nyuma ya kisigino na mwingine katikati ya unyayo. Ukibonyeza kisigino kwa kidole unahisi patupu, kwa sababu mfupa wa kisigino umevutwa juu na kilichobaki chini ni mafuta tu. Shavu la mguu huo mara nyingi ni jembamba kuliko la mwenzake, na hubaki hivyo hata tiba ikifanikiwa. Wayo nao hubaki mfupi kidogo. Heri mzazi ayajue haya mapema, asije akadhani baadaye kwamba tiba imeshindwa.

Kwa mguu wa aina hii ya tatu, kukanda nyumbani peke yake hakunyooshi. Kukifanywa taratibu hakumuumizi mtoto, ila muda unapotea wakati tishu zake zingali laini.

Hutokea kwa takriban mtoto 1 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa, kwa wavulana kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu yao huwa na miguu yote miwili. Chanzo chake hakijajulikana chote, ingawa urithi una sehemu yake. Si kazi aliyofanya mama akiwa mjamzito, wala jinsi alivyolala. Daktari akimpima mtoto, aangalie pia nyonga na uti wa mgongo, kwa sababu mguu kifundo unaoambatana na tatizo la mishipa ya fahamu au viungo vilivyokakamaa tangu kuzaliwa hufuata njia ngumu zaidi. Mengi nitakayoyasema hapa ni ya mtoto ambaye, mbali na mguu wake, ni mzima.

Hii si dharura ya usiku wa manane. Kuanza tiba katika wiki ya kwanza au ya pili ni vizuri, na mama aliyejifungua kwa shida anaweza kujikusanya kwanza.

Plasta ya Ponseti na plasta ya kizamani

Kabla Ponseti hajakubalika, njia ya plasta iliyotawala ilikuwa ya daktari J. H. Kite wa Atlanta, Marekani. Alikuwa mtu mvumilivu aliyeamini kwamba mguu unanyooshwa bila kisu, na katika hilo alikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa mahali pa kuweka kidole gumba. Katika njia yake, anayenyoosha hukandamiza ubavu wa nje wa wayo karibu na katikati, huku akisukuma sehemu ya mbele kwenda nje. Kidole kikikaa hapo kinauzuia mfupa wa kisigino, ambao hauwezi kugeuka peke yake. Plasta ziliendelea kwa miezi mingi, na watoto wengi waliishia chumba cha upasuaji vilevile.

Ignacio Ponseti alizaliwa mwaka 1914 katika kisiwa cha Menorca, Uhispania, akafika Iowa, Marekani, mwaka 1941. Aliwachunguza watu waliokuwa wamepasuliwa utotoni akakuta nyayo zao zimekakamaa na zinauma. Akaichunguza mifupa ya wayo, jinsi inavyosogea pamoja, na akaona kwamba mfupa mmoja tu ndio unaopaswa kuzuiwa: talasi, mfupa ulioshikana na muundi kwenye kifundo. Kidole gumba kikikaa kwenye kichwa cha talasi, upande wa nje mbele ya kifundo, na wayo mzima ukisukumwa nje ukizunguka hapo, kisigino kinafuata chenyewe bila kuguswa. Kutofautiana kwa sentimita chache tu za mahali pa kidole ndiko kunakozitenganisha njia hizi mbili. Alichapisha matokeo mwaka 1963, lakini madaktari wengi hawakumsikiliza kwa miongo mitatu. Wazazi waliokutana kwenye intaneti mwishoni mwa miaka ya 1990 ndio waliosaidia sana kuieneza.

Plasta yenyewe hufungwa hivi. Mtoto huletwa akiwa na njaa kidogo ili anyonye wakati wa kufungwa, kwa maana mtoto anayenyonya hulegeza mguu. Wanakuwa wawili: mmoja anashika wayo, mwingine anafunga. Mwenye kushika anaunyoosha taratibu kwa dakika moja hivi, hadi pale tishu zinapogoma, wala halazimishi. Pamba nyembamba inazungushwa, maana ikiwa nene plasta haishiki umbo. Kisha plasta inafungwa kutoka vidoleni hadi chini ya goti, na kabla haijakauka mikono inaendelea kuifinyanga: juu ya kisigino, kuzunguka kifundo, chini ya vidole. Baada ya hapo goti linakunjwa pembe mraba na plasta inapandishwa hadi karibu na kinena.

Plasta ya kwanza huwashtua wazazi. Unyayo unaonekana kugeukia juu zaidi kuliko ulivyokuja, na mama anawaza kwamba wameuharibu. Hawajauharibu. Hatua ya kwanza ni kuuinua mfupa wa kidole gumba cha mguu ili sehemu ya mbele iwe mstari mmoja na ya nyuma, na unyayo uliojikunja katikati utulie. Kuanzia plasta ya pili ndipo wayo unaanza kwenda nje, wiki kwa wiki, hadi ufike nyuzi 60 au 70. Kukunja kifundo kwenda juu ndiko kwa mwisho kabisa. Anayekimbilia kuusukuma wayo juu mapema anauvunja katikati, na unyayo unatokeza chini kama tumbo la ngalawa huku kisigino kikibaki juu. Hilo ni kosa la mtibabu na kulirekebisha ni kazi kubwa.

Kuhusu idadi, ripoti ya Iowa iliyochapishwa mwaka 2004 juu ya watoto 157 ilionyesha kwamba asilimia 98 walinyooshwa bila upasuaji mkubwa, na asilimia 90 walihitaji plasta 5 au pungufu. Kliniki nyingine hufika 6, 7 au 8, na hilo si baya. La kutia shaka ni plasta ya kumi wakati wayo haujabadilika.

Namna nzuri ya kufuatilia ni alama za Pirani: dalili sita hukaguliwa, kila moja hupewa 0, nusu au 1, na jumla yake ya juu ni 6. Omba utajiwe alama za mtoto wako kila mnapokwenda. Zikishuka, kazi inaendelea. Zikikaa palepale wiki tatu, una haki ya kuuliza kwa nini.

Basi unapochagua kliniki, maswali manne yanatosha kukuonyesha. Kidole gumba mnakiweka wapi mnaponyoosha? Plasta inafika wapi, gotini au juu ya paja? Kano ya nyuma ya kisigino, ikibidi, mnaikata nyie wenyewe au mnampeleka mtoto kwingine? Viatu vinapatikana hapahapa siku plasta ya mwisho inapotoka? Wakikujibu kwamba plasta yao inaishia chini ya goti kwa mtoto mchanga, tafuta kwingine. Plasta fupi huteleza, na haiwezi kuuzuia mguu usijizungushe kurudi ndani.

Kila wiki, au mara tatu kwa wiki?

Utaratibu wa kawaida ni kubadilisha plasta kila baada ya siku 5 hadi 7. Ipo njia ya haraka: ni mikono ileile na mpangilio uleule, ila plasta zinabadilishwa mara tatu kwa wiki. Ilijaribiwa Malawi kwa watoto waliopangwa kwa kura katika makundi mawili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Kundi la haraka lilikaa ndani ya plasta kwa wastani wa kati wa siku 16, lile la kawaida siku 42, na marekebisho yalikuwa sawa.

Familia inayokaa mbali na kliniki lakini ina mahali pa kufikia karibu na hapo kwa wiki tatu, hii inaifaa sana. Kwa anayeishi karibu, au mwenye watoto wengine wa kuwaangalia, mara moja kwa wiki ni rahisi zaidi. Muda wa viatu haupungui hata siku moja kwa kuwahi plasta.

Jasi au nyuzi za kioo

Plasta ya jasi ni nzito na ikilowa inaharibika, lakini hufinyangika vizuri kwenye umbo la wayo mdogo na huloweshwa na kufunguliwa bila msumeno. Ile ya nyuzi za kioo ni nyepesi na imara. Kwa mtoto mchanga mimi nachagua jasi, kwa sababu ufinyanzi ndio tiba.

Iwe ya aina gani, isifunguliwe nyumbani usiku wa kuamkia kliniki. Mguu unaolala huru usiku kucha unarudi nyuma, na sehemu ya kazi ya wiki nzima inapotea. Iloweshwe asubuhi ileile, au ifunguliwe palepale kliniki.

Mzazi aangalie vidole kila anapobadilisha nepi. Vibonyeze: viwe vyeupe kisha rangi irudi upesi. Vikiwa baridi, vya samawati au vimevimba, au mtoto akalia bila kutulizika, hiyo haingoji miadi. Vidole vilivyokuwa vinaonekana jana vikipotea ndani leo, plasta imeteleza, nayo inapaswa kutolewa kwa sababu sasa inabonyeza mahali pasipotakiwa. Uliza mapema jinsi ya kuilowesha kwa maji ya uvuguvugu na kuifungua mwenyewe, endapo hayo yatatokea usiku na kliniki imefungwa.

Mazoezi ya Kifaransa

Hii ndiyo mshindani wa kweli wa Ponseti, nayo watu wachache huisikia. Ilikuzwa Ufaransa na madaktari kama Henri Bensahel na Alain Diméglio. Hakuna plasta. Mtaalamu wa fiziotherapia anaunyoosha wayo kila siku, anaamsha misuli dhaifu ya upande wa nje kwa kuigusagusa, kisha anaushikilia kwa tepu na kibanzi chepesi hadi kesho yake. Baadhi ya vituo huongeza mashine inayouchezesha wayo taratibu mtoto akiwa amelala. Hali hiyo huendelea kila siku kwa miezi miwili mitatu, halafu mara chache kwa wiki, na mzazi anafundishwa kuyafanya mwenyewe nyumbani na kufunga tepu.

Faida yake naiheshimu. Mtoto anaogeshwa, ngozi inaonekana, viungo havikai vimefungwa, na misuli inafanya kazi tangu mwanzo. Mzazi anayefunzwa vizuri anaujua mguu wa mwanawe kuliko mtu yeyote.

Katika hospitali moja ya watoto huko Dallas, Marekani, wazazi walipewa nafasi ya kuchagua kati ya njia hizi mbili, na matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Marekebisho ya mwanzo yalikuwa karibu sawa: asilimia 94 kwa Ponseti, 95 kwa Kifaransa. Baadaye mguu ulirudi kupinda kwa asilimia 37 ya kundi la Ponseti na 29 ya kundi la Kifaransa. Ukisoma hapo tu, utasema Kifaransa imeshinda. Lakini sehemu ya miguu ya Ponseti iliyorudi iliweza kunyooshwa tena bila upasuaji, ilhali ile ya Kifaransa iliyorudi ilihitaji kupasuliwa. Mwishowe matokeo mazuri yalikuwa asilimia 72 kwa 67, tofauti ndogo.

Kwa hiyo ubora wa mguu hauziachanishi sana. Kinachoziachanisha ni maisha ya familia. Njia ya Kifaransa inadai mtaalamu aliyebobea anayepatikana kila siku, na mzazi ambaye kwa miezi hatakosa siku. Mtaalamu akiugua wiki moja, kazi inasimama. Ponseti inadai siku moja kwa wiki, na mikono inayoweza kufundishwa kwa wingi. Malawi wamefanikiwa nayo kwa kuwatumia matabibu wa mifupa ambao si madaktari wapasuaji. Kama huna kituo cha Kifaransa cha kweli karibu nawe, usijaribu kuiga kwa kuangalia video. Anayenyoosha bila kujua talasi iko wapi anarudi kwenye kosa la Kite.

Upasuaji mdogo na upasuaji mkubwa

Wazazi wengi huambiwa "atakatwa kidogo nyuma ya kisigino" wakasikia upasuaji, wakakimbia. Hapa pana mambo mawili yasiyofanana hata kidogo.

Kukata kano ya Akilesi ni sehemu ya njia ya Ponseti yenyewe. Watoto 8 hadi 9 kati ya 10 huihitaji, kwa sababu kano hiyo nene haivutiki kwa plasta kama tishu nyingine. Hufanywa kwa ganzi ya mahali pale, kwa kisu chembamba, na tundu lake ni dogo kiasi kwamba kwa kawaida halishonwi. Mara kano inapokatika, kifundo kinaachia na wayo unapanda. Plasta ya mwisho inafungwa kwa wiki tatu, na katika muda huo kano inaungana upya ikiwa ndefu zaidi. Mtoto anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ninayemhofia zaidi ni mtoto ambaye kano yake ilistahili kukatwa na haikukatwa, akapelekwa kwenye viatu na kisigino kingali juu. Kiatu hakitakaa, kitamchubua, na mguu utarudi.

Upasuaji mkubwa ni habari nyingine. Kwa miongo mingi tangu miaka ya 1970 ndio uliokuwa kawaida katika nchi zenye hospitali kubwa: mtoto wa miezi kadhaa analazwa usingizi wa dawa, wayo unafunguliwa upande wa ndani na nyuma, kano zinarefushwa na vifuko vya viungo vinafunguliwa. Siku ya kutoa bandeji mguu unaonekana umenyooka vizuri sana, na ndiyo maana ulipendwa. Miaka ikipita kovu linakaza, viungo vinapoteza mzunguko, wengine wanarudi kisuni mara ya pili na ya tatu, na ukubwani viungo vinauma. Linganisha na watu waliotibiwa Iowa kwa njia ya Ponseti na kuchunguzwa wakiwa na umri wa miaka 30 na kitu: asilimia 78 walikuwa na matokeo mazuri au mazuri sana, na kwa watu waliozaliwa na miguu ya kawaida waliopimwa kwa vigezo vilevile ilikuwa 85. Namba hizo, zilizochapishwa mwaka 1995, ndizo zilizobadilisha mawazo ya wengi.

Upasuaji mkubwa bado una nafasi yake, kwa wayo mgumu sana uliokataa plasta zilizofungwa sawasawa, au kwa mtoto mwenye ugonjwa mwingine wa viungo. Ukiwa ndio ushauri wa kwanza kwa mtoto wa wiki tatu ambaye hajafungwa plasta hata moja, tafuta maoni ya mtu mwingine.

Viatu: hapa ndipo uamuzi ulipo

Plasta ya mwisho ikitoka, mguu umenyooka na kila mtu anafurahi. Siku hiyohiyo mtoto anavalishwa viatu vilivyounganishwa kwa upau. Mguu uliokuwa na tatizo unaelekezwa nje nyuzi 60 au 70, mzima nyuzi 30 au 40, na visigino vinaachana kwa upana wa mabega yake. Miezi mitatu ya kwanza ni saa 23 kwa siku, na ile saa moja ni ya kuoga na kucheza. Baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana tu, hadi afike miaka 4 au 5.

Ile ripoti ya Iowa ya 2004 ilikuta miguu iliyorudi haikutofautiana kwa umri wa kuanza tiba wala kwa idadi ya plasta zilizohitajika. Ilitofautiana kwa viatu: waliovalishwa na walioachwa. Kila nyumba inayofikiria Ponseti ijiulize swali hili kabla ya plasta ya kwanza. Je, bibi atakayekaa na mtoto mama akirudi kazini ameelezwa? Baba anajua kuvifunga? Mtoto akilia usiku wa pili, ni nani atakayesema "vumilia" na nani atakayesema "mvueni"? Nyumba ambayo watu wazima wote wanasema kauli moja huvuka. Nyumba ambayo mmoja anamwonea mtoto huruma na kuvivua kimyakimya usiku, mguu hurudi.

Kilio cha siku za mwanzo kwa kawaida ni cha ugeni. Mtoto amezoea kupiga teke mguu mmoja mmoja, sasa inabidi ajifunze kuipiga yote miwili pamoja. Shika upau katikati, ukunje na kunyoosha magoti yake kwa pamoja, cheza naye hivyo hadi acheke, na ndani ya siku chache atakuwa anafanya mwenyewe. Upau uzungushie sponji, usije ukaumia nao wewe.

Kuvalisha kuna ustadi wake. Anza na mguu uliokuwa mbaya zaidi. Kunja goti, sukuma kisigino chini na nyuma hadi kikae, kisha kaza mkanda wa kifundo kwanza, kwa maana ndio unaokishikilia, kamba zifuate. Hakikisha hivi: vuta muundi juu na chini taratibu. Vidole vikisogea mbele na nyuma ndani ya kiatu, kisigino hakijakaa, rudia. Unaweza kuchora mstari kwenye soli pale vidole vinapofika siku kisigino kimekaa sawa, ukawa na kipimo cha kila usiku. Wekundu mwepesi ni kawaida. Malengelenge nyuma ya kisigino mara nyingi hutokana na kiatu kilicholegea hadi mguu unachezacheza ndani, na dawa yake ni kukaza mkanda, ingawa mkono wa mzazi unataka kulegeza. Usipake losheni penye wekundu, hulainisha ngozi ikachubuka zaidi.

Kuna wanaouza kibanzi cha mguu mmoja, kisicho na upau, na wazazi hukipenda kwa sababu mtoto yuko huru. Kwa kuzuia mguu usirudi hakifikii viatu vyenye upau, kwa kuwa hakina kinachoushikilia mguu ukielekea nje. Kati ya viatu vya ngozi ngumu na vile vyenye bitana laini, laini huchubua kidogo na huwa ghali zaidi. Kati ya upau usiokunjika na ule wenye bawaba unaomruhusu kupiga teke moja moja, watoto wengine huvumilia ule wa bawaba kwa urahisi. Kama nyumba iko karibu kukata tamaa, kubadilisha aina ya kiatu ni bora kuliko kuacha.

Mguu ukirudi, au usipofuata kanuni

Dalili ya mwanzo ya kurudi ni ndogo: kiatu kinaanza kumtoka kila usiku, au akichuchumaa kisigino hakigusi chini, au akitembea anakanyagia ukingo wa nje. Rudi kliniki wiki hiyo. Mara nyingi plasta mbili tatu zinatosha, kisha viatu tena. Kwa mtoto aliyepita miaka miwili na nusu au mitatu ambaye wayo wake unageukia ndani kila anapopiga hatua, upo upasuaji wa kuhamisha kano moja ya mbele ya mguu kuipeleka upande wa nje. Hauingii ndani ya viungo, na hufuata plasta bila kuzipinga.

Wapo pia watoto wachache ambao wayo wao ni mfupi na mnene, kidole gumba kimejikunja nyuma, na mkunjo mzito unavuka unyayo wote kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa hawa plasta za kawaida huteleza na kuvimbisha. Ponseti mwenyewe alizibadilisha kwa ajili yao: wayo hausukumwi nje hadi nyuzi 70, na viatu vinawekwa kwenye nyuzi 40 hivi. Plasta ya mtoto wako ikiteleza mara mbili mfululizo, uliza moja kwa moja kama ni mguu wa aina hii, na umpeleke kwa mtu aliyewahi kuwatibu.

Na aliyechelewa? Mtoto wa mwaka mmoja, au ambaye tayari anatembea juu ya ukingo wa wayo, bado anaanza na plasta zilezile. Zitakuwa nyingi zaidi, na huenda wayo usifike nyuzi zote. Lakini nimechoka kusikia wazazi wakiambiwa kwamba muda umepita na kilichobaki ni kisu. Plasta zianze, na upasuaji, ukihitajika, utakuwa mdogo kuliko ule ambao ungefanywa bila hizo.